Giaboksi ya Kushoto

Ndugu zangu wa chumba cha injini,

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie habari za Nduaro, kwa kuwa meli yenyewe imeshakatwakatwa kuwa vyuma chakavu na wengi wenu hamkuiwahi ikitembea. Nimekaa hapa Bagamoyo wiki tatu, daftari mbele yangu, nikianza na kuchana. Sababu naijua. Huwezi kueleza maisha ya meli ile bila kumtaja Salha, na siwezi kumtaja Salha bila kusema kwamba nilimwonea wivu kwa miaka ishirini. Vyeo na mishahara sitavigusa, havina faida kwenu. Lakini hili la wivu nitaliandika, kwa sababu lilikaribia kuua watu.

Nduaro ilikuja ikiwa mpya, bado inanuka rangi. Wajuzi wanaiita meli ya namna ile korveti: ni ndogo kwa meli ya kivita, lakini inaweza kukaa bahari kuu siku nyingi bila kurudi nyumbani kuomba maji. Mbele ina mzinga mmoja, juu ina rada, ndani inabeba watu themanini. Wageni waliokuja kuitazama walipiga picha kwenye mzinga. Hakuna aliyeomba kushuka kwetu. Huko chini kulikuwa na injini nne za dizeli, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Kila jozi iliingia kwenye giaboksi moja, na kila giaboksi ikazungusha shafti moja yenye propela nyuma. Giaboksi ndiyo inayopunguza mbio za injini ili propela isukume maji badala ya kuyapiga povu. Ikifa giaboksi moja, nusu ya meli imekufa. Hayo mnayajua, ila nimeona niyaandike kwa ajili ya atakayesoma barua hii asiyekuwa fundi.

Mimi nilitoka Mkange, ambako mashine kubwa kuliko zote ilikuwa ya kusaga mahindi. Mama yangu alipoambiwa kwamba nitafanya kazi chini ya usawa wa maji, aliuliza, "Sasa ukitaka kutoka?"

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Kombo, mkuu wa chumba cha injini, mtu wa Pemba, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo kwa ajabu ilisikika hata injini zikiwa zinanguruma. Hakunionyesha injini. Alinipa tochi na chaki, akafungua bamba la sakafu, akaniambia niingie chini nilifuate bomba la mafuta kwa mkono, kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini ya kwanza. "Ukipotea, rudi mwanzo," akasema. Nilitambaa kwenye oili na maji machafu siku nne. Siku ya nne nilitoka nikasimama mbele yake, nikiwa mweusi kama mkaa.

"Bomba linapita chini ya nini kabla ya kufika kwenye pampu?" akaniuliza.

"Chini ya bomba la maji ya bahari, afande."

"Na la maji likivuja?"

"Chumvi itadondokea juu ya la mafuta."

"Kutu itaanzia wapi?"

"Pale pale."

"Haya," akasema. "Sasa umeanza kazi."

Miaka minne nilikuwa mtu wake. Alinifundisha kusoma joto na shinikizo na kuyaandika hata pale yanapokuwa ya kawaida, maana ya kawaida ndiyo yanayokuonyesha siku yakibadilika. Alinifundisha kuitazama oili kwenye vidole: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usimsubiri mtu akuambie. Katika namba nilikuwa hodari, nasema bila haya. Ningeweza kukutajia joto la kila beringi la Jumanne iliyopita bila kufungua kitabu.

Kitu kimoja kilinishinda. Mzee Kombo alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono, mpini wake wa mti umelainika kwa kushikwa. Ncha aliiweka kwenye mashine, mpini akaugusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alisema beringi nzima inanong'ona na inayokufa inasaga mchanga. Nami niliiweka bisibisi, nikafumba macho, nikasikia kelele. "Yatakuja," Mzee Kombo aliniambia kuhusu masikio yangu. Nikawa nayasubiri.

Mwaka wa tano akaja Salha. Baba yake, Mzee Nassor, alikuwa na duka la misumari, bawaba na rangi mjini Bagamoyo, ukoo wa watu waliotoka Omani zamani za babu zao. Salha alisoma ufundi chuoni, na alikuwa mwanamke wa kwanza kushuka kule chini kufanya kazi. Watu waliliongea sana hilo. Yeye alichoomba ni ovaroli moja inayomtosha, basi.

Wiki yake ya kwanza Mzee Kombo alimpa bisibisi. Akaiweka kwenye jenereta ya pili, akainama kidogo, akakaa hivyo kwa muda. "Kuna kitu kinagonga, afande," akasema. "Lakini hakigongi kila mzunguko. Kinagonga mara moja kwa kila miwili."

Mzee Kombo alimtazama, kisha akaniambia nizime jenereta. Tukaifungua. Vali moja ilikuwa imelegea kwa unene wa karatasi. Mzee Kombo akacheka, kicheko cha mtu aliyepata habari njema kutoka nyumbani. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minne na kicheko kile sikuwahi kupewa hata mara moja.

Wivu uliingia hapo. Nakumbuka hata ulipokaa: hapa chini ya mbavu, kama mtu aliyemeza kipande cha muhogo mkavu bila maji.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Akichelewa dakika mbili, niliona. Akisahau spana juu ya kifuniko, niliona. Kazi ya kusafisha machujio ya maji ya bahari, yenye mwani, mifuko ya plastiki na samaki waliooza, nilimpangia yeye mara mbili kuliko wengine. Aliyasafisha. Kisha akaniambia kwamba chujio la kulia hukusanya uchafu mwingi zaidi tukiwa mbele ya mdomo wa mto Wami, kwa hiyo tulisafishe kabla hatujafika kule. Alisema kweli. Nikaweka utaratibu huo kitabuni kwa mwandiko wangu, bila jina la mtu.

Siku moja aliniuliza, "Afande, unawezaje kukumbuka namba za wiki nzima bila kuangalia? Nifundishe na mimi." Nilidhani ananidhihaki. Nilimjibu, "Angalia kitabu." Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa anauliza kweli, na kwamba kile nilichokuwa nacho alikitaka kama mimi nilivyokitaka chake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka. Tulitoka Dar kwenda juu, tukapita Mbegani, Bagamoyo, Saadani, hadi Pangani, kisha tukavuka mkondo wa Unguja na kurudi. Tuliwafukuza wavuvi wa baruti, tulisimamisha mashua za magendo, na zaidi ya yote tuliwavuta watu ambao mashine zao zimewafia baharini. Kila baada ya miaka michache Nduaro ilipandishwa chelezoni, nje ya maji, kukarabatiwa. Huko meli inakuonyesha umri wake. Unakwangua magamba ya bahari, unagonga bati kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Bati nene linalia kama kengele, lililokonda linajibu kama debe. Kazi hiyo ya nyundo nayo nilimwachia Salha, nikijidai kwamba mimi nina karatasi za kuandika.

Mwaka wa tisa Mzee Kombo akastaafu. Alituita wote chini, akatoa vitu viwili. Bisibisi alimpa Salha. Mimi akanipa rejista yake, kitabu kikubwa cha jalada jeusi ambamo aliandika kwa mkono kila ugonjwa wa kila mashine tangu meli ilipofika. Akili yote ya mzee kwa miaka tisa ilikuwa mle. Mimi nilichofikiri ni hiki: yeye amepewa masikio ya mzee, mimi nimepewa ukarani. Nilisema ahsante. Nilikibeba kile kitabu hadi kwenye kabati langu na sikukifungua kwa miezi miwili.

Sasa nafika pale nilipokuwa nakwepa.

Mwaka uliofuata nilikuwa mkuu wa zamu na Salha alikuwa zamu yangu. Tulikuwa tumemaliza matengenezo madogo gatini, tukatoka kidogo kuijaribu meli, tukarudi. Mchana ule Salha alinijia na karatasi mkononi, imeandikwa vizuri na kutiwa sahihi.

"Afande, giaboksi ya kushoto inaguna," akasema. "Beringi ya nyuma. Ni kidogo sana. Naomba tufungue kifuniko cha ukaguzi tutazame filta ya oili kama ina chembe za chuma."

"Joto?"

"La kawaida."

"Shinikizo la oili?"

"La kawaida."

"Basi?"

"Basi inaguna, afande."

Nilikwenda mwenyewe nikasikiliza kwa ufito wa chuma. Sikusikia kitu. Ningeweza kusema, "Sisikii, lakini nakuamini." Maneno matatu tu, na tungefungua kifuniko kwa saa mbili. Badala yake nikanyoosha mkono. "Nipe, nitampelekea mhandisi." Mhandisi mkuu ndiye aliyetakiwa kuidhinisha.

Sikumpelekea. Niliitia karatasi katikati ya rejista ya Mzee Kombo, nikafunga kabati. Mnielewe: sikutaka kuiharibu meli. Nilitaka siku tatu nne zipite, giaboksi iendelee kuzunguka bila tatizo, kisha nimrudishie karatasi yake mbele ya wenzake, nikitabasamu. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yangu yote.

Asubuhi iliyofuata ikaja amri ya kutoka mara moja. Mashua ya mizigo iliyokuwa ikitoka upande wa Pangani kwenda Unguja ilikuwa imefiwa na injini katika bahari ya Saadani, ina watu kumi na tisa, na maji yalikuwa yanaingia. Tukatoka na injini zote nne, mwendo wa mwisho. Bagamoyo tuliipita bila hata kuitazama.

Mimi nilikuwa chumba cha udhibiti, Salha na fundi mwingine walikuwa chini kwenye mashine. Simu ikalia.

"Afande, punguza kushoto," akasema.

Nilitazama kipimo. Joto la giaboksi lilikuwa limepanda digrii nne. "Nne tu," nikamjibu. "Bado iko ndani ya mstari."

"Punguza kushoto, afande."

"Nitapunguza ikifika kumi."

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe na macho kwenye kipimo, nikisubiri namba inipe ruhusa. Ikafika tano. Ikafika saba. Kisha sakafu ikapigwa kutoka chini, pigo moja zito, halafu mlio wa chuma kula chuma ambao hata mimi niliusikia. Nilizima injini mbili za kushoto kwa pamoja. Nilipofika chini, moshi wa oili ulikuwa umejaa na huoni mbele. Bomba la oili lilikuwa limepasuka kwenye kiungo. Salha alikuwa tayari amefunga vali yake, na alikuwa akimpigia kelele mwenziwe alete kifungio cha shafti, ili propela isiendelee kuizungusha giaboksi iliyovunjika. Mkono wake wa kushoto, toka kiwiko hadi kwenye vidole, ulikuwa umemwagikiwa oili ya moto. Alikifunga kile kifungio kwa mkono wa kulia, mimi nikimshikia.

Tulikwenda kwa nusu ya meli. Tulifika saa nzima baada ya wakati tuliotakiwa kufika. Mashua ilikuwa imezama hadi kwenye kingo, watu wamekaa ndani ya maji ya kifua, na mama mmoja alikuwa amemweka mwanawe juu ya kichwa kama mtu anavyobeba ndoo. Wote kumi na tisa walitolewa. Wa mwisho alipopandishwa, mashua ile haikumaliza dakika kumi ikaenda chini. Nimezihesabu dakika zile mara nyingi, pamoja na ile saa.

Tuliporudi, maofisa watatu waliketi kuchunguza. Salha aliingia na bandeji hadi kiwikoni.

"Ulikuwa na dalili yoyote kabla?" wakamuuliza.

"Ndiyo, afande. Siku moja kabla niliisikia ikiguna. Niliandika ombi la kufungua."

"Ombi liko wapi?"

"Nilimkabidhi mkuu wangu wa zamu."

Wakanigeukia. "Ulilipokea?"

Nikasema, "Sikumbuki kupokea karatasi."

Sikusema sikuipokea. Nilidhani neno "sikumbuki" litanibebea sehemu ya dhambi. Salha alinitazama mara moja, kisha akaangalia mbele. Hakubishana. Alijua, nadhani, kwamba bila karatasi ni neno lake na langu, na mimi nilikuwa na miaka kumi melini.

Waliandika kwamba hakufuata utaratibu wa kutoa taarifa. Akatolewa baharini akapelekwa stoo ya vipuri nchi kavu. Nduaro ikawekewa giaboksi mpya, na nafasi aliyoiacha Mzee Kombo, iliyokuwa imekaa bila mtu mwaka mzima, nikapewa mimi. Nilisema vyeo sitavitaja, ila hiki hakikwepeki.

Mtafikiri nilipumzika. Sikupumzika hata kidogo. Mafundi wangu walianza kupenda sana kwenda stoo. Mtu anakwenda kuchukua gasketi, anarudi baada ya nusu saa. Gasketi haichukui nusu saa. Walikwenda kumwelezea mlio wa mashine, wakiuiga kwa midomo, naye akawaambia wafungue wapi. Nilikuwa mkuu wa chumba cha injini na nilikuwa namwonea wivu mtunza vipuri.

Ilipita miezi saba hivyo. Kisha Mzee Nassor akafariki. Amri ya kikosi ilikuwa twende watu wanne kuzika, na mkuu wa chumba hakuweza kukosa. Tulifika Bagamoyo baada ya adhuhuri. Tulizika, tukarudi kukaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Akanijia mzee mmoja mwenye kanzu na bakora, akaniuliza kama mimi ndiye Mrisho.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Seif, mdogo wake marehemu." Akaketi karibu nami, akauchukua mkono wangu akauweka kati ya mikono yake miwili. "Marehemu alikuwa akikutaja sana. Salha kila akija alikuwa na lako la kumsimulia. Afande Mrisho kanionyesha hivi, afande Mrisho kanifundisha kusoma vipimo. Mpaka juzi juzi hapa, mgonjwa yuko kitandani, bado anasimuliwa habari za meli. Alitaka sana akuone akushukuru. Sasa hakuwahi. Nakushukuru mimi kwa niaba yake."

Mpaka juzi juzi. Kwa hiyo hakumwambia baba yake kwamba ametolewa melini, wala kwamba mimi ndiye niliyemtoa. Nilisema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," kwa sababu hilo lilikuwa neno pekee lililokuwa tayari mdomoni. Pilau ililetwa, sikuweza kula. Salha alikuwa ndani na wanawake, sikumwona.

Kesho yake nilimpelekea kamanda wa meli rejista ya Mzee Kombo, karatasi ikiwa ndani. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Ulikuwa nayo miezi yote saba?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Wivu, afande."

Akavuta fomu, akaishusha kalamu, akaiinua. "Hapa sina mahali pa kuandika hilo," akasema. Akaandika uzembe na kuficha taarifa. Alikuwa mtu wa haki, hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Walinivua nilichovuliwa, wakanipeleka stoo ya vipuri, kwenye kiti kile kile alichokalia Salha. Yeye akarudi melini, na muda haukupita akawa mkuu wa chumba cha injini. Mle stoo, kwa kukosa la kufanya, ndimo nilimoisoma rejista ya Mzee Kombo kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mwaka wa sita nilikuta mstari mmoja: *Mrisho ameona tofauti ya joto digrii mbili, pampu ya tatu. Mimi sikuiona.* Mzee alikuwa ameuandika na hakuwahi kuniambia. Niliusoma mstari ule nikaona aibu kuliko siku ya kamanda. Nilikuwa na changu muda wote, nikakesha nikilinda mlango wa mwenzangu.

Baada ya mwaka na nusu nilirudishwa Nduaro, fundi wa kawaida chini ya Salha. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilishuka ngazi, nikamkuta amesimama kwenye giaboksi ya kushoto, mkono wake umebaki na kovu linalong'aa. Nikampigia saluti. Kwa mara ya kwanza nikamwita kwa cheo.

"Afande."

"Karibu, Mrisho," akasema. "Zamu yako inaanza saa mbili. Joto la giaboksi zote mbili uliandike kila nusu saa, na shinikizo pia. Hapa hakuna anayeweza kuandika namba kama zako." Kisha akageuka akaendelea na kazi. Maneno niliyoyaandaa nikarudi nayo.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mbili zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo Nduaro ilitembea vizuri kuliko yote. Aliweka sheria mbili, na ninaomba mzichukue huko kwenye meli yenu yenye skrini kila ukuta. Ya kwanza, fundi yeyote, hata aliyefika jana, akisema zima, mashine inazimwa kwanza na maswali yanafuata. Ya pili, karatasi ya ombi haipiti mkononi mwa mtu mmoja. Anayeipokea anatia sahihi mbele ya aliyeileta. Alizitangaza sheria hizo mbele yetu wote na hakuelekeza macho upande wangu. Ningeweza kuvumilia kama angeyaelekeza.

Je, wivu uliisha? Hapana. Niliendelea kumwonea wivu kwa jinsi mafundi walivyomkimbilia, kwa jinsi alivyoweza kusema sijui bila kujikunja. Ila niliacha kuupa kazi ya kufanya. Ukija, nilishika kalamu nikaandika joto.

Meli za chuma hazifi siku moja. Kwanza kiwanda kinaacha kutengeneza filta zako. Kisha unachukua kipuri kwenye injini ya nne kuiponya ya pili. Kisha bati linajibu kama debe kila unapogonga. Mwaka wa ishirini na nne wakasema inatosha. Salha alizima injini mwenyewe, moja moja, na nilisimama nyuma yake nikitamani angalau moja iwe yangu. Hakunipa, wala sikustahili kuomba.

Wiki mbili baadaye Nduaro ilivutwa na tagi, meli ndogo ya kuvutia nyingine, kwenda kaskazini kukatwa. Watu sita tuliachwa ndani kulinda kamba na kutazama kama maji yanaingia. Kwa mara ya kwanza tangu niifahamu meli ile, hapakuwa na kitu cha kuangalia chini. Tulikaa sitahani asubuhi nzima, mimi na Salha, kwenye masanduku ya jaketi za kuokolea, tukila mihogo ya kuchoma aliyokuja nayo kwenye mfuko. Bagamoyo ikaanza kuonekana upande wa kushoto, mapaa na minazi, na mahali ulipo msikiti wa kwao.

Nikamuuliza. Sikuwa nimepanga. "Afande, kwa nini hukumwambia baba yako?"

Alijua ninachosema. Alimaliza kutafuna. "Baba alikuwa mgonjwa," akasema. "Kila aliyekwenda kumwona, baba alimwambia binti yake yuko kwenye meli ya vita. Ningemwambia nimetolewa, ningelazimika kumtajia na sababu. Nikaona niendelee kumsimulia ya zamani. Na wewe ulikuwamo katika ya zamani."

"Mimi nilidhani ulinistahi."

"Hapana," akasema, si kwa ukali. "Wewe sikukufikiria. Nilimfikiria baba."

Tagi ikavuta, kamba ikakaza, meli ikainamisha omo, pua yake, kidogo. Nikaona kwamba nikinyamaza hapo sitauliza tena maisha yangu yote.

"Na ulinisamehe lini?"

Akafikiri kweli, akiutazama ule mkono wake kama mtu anayetafuta tarehe ukutani. "Sijui, Mrisho," akasema mwishoni. "Miaka mingi sijalikumbuka jambo lile. Mpaka uliponiuliza sasa hivi."

Mimi haijapita siku bila kulikumbuka, hata siku moja, kwa miaka kumi na minne. Nilimtazama akikung'uta maganda ya mihogo kutoka kwenye ovaroli, anayaangalia mapaa ya kwao yakipita taratibu, hana kitu moyoni. Nikamwonea wivu kwa hilo pia.